Kulea na Kuajiri

Nguvu ya kundi lo lote la watu hupatikana kwa njia mbili: kwa kulea au kwa kuajiri. Anayelea hupanda, hupalilia na kungoja. Anayeajiri huenda sokoni na mfuko wake, akarudi jioni na mavuno ya jasho la mwingine. Wa kwanza hulipa kwa miaka, wa pili hulipa kwa fedha. Tangu zamani watu hubishana ni yupi kati ya hao wawili mwenye busara, na ubishi huo husikika katika biashara, katika majeshi na katika serikali. Siku hizi husikika zaidi katika mpira wa miguu, kwa kuwa huko matokeo ya kila shauri huonekana na watu wote kwa dakika 90, na hapana wakili awezaye kuyaficha.

Mji wa Tabora unastahili kusikilizwa katika ubishi huu. Una sababu mbili: moja ni mpya, na nyingine ni kongwe kuliko mpira wenyewe katika nchi hii.

Sababu mpya ni hii. Tarehe 16 Agosti 2023, huko Chamazi katika Dar es Salaam, klabu ya Tabora iliingia uwanjani kucheza na Azam mchezo wake wa kwanza wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Klabu hiyo ilikuwa ingali ikijulikana kwa jina la Kitayosce. Asili yake ilikuwa Kilimanjaro, na Tabora ilikuwa makao yake mapya. Ilikuwa imepanda daraja kwa juhudi, na wachezaji wapya walikuwa wamekwisha tafutwa huku na huko. Lakini mambo ya usajili hayakutimia kwa wakati, na wengi wa wale wapya hawakuwa na ruhusa ya kucheza. Wakaingia watu 8 badala ya 11. Azam ikafunga mabao 4, na katika hayo Feisal Salum alifunga 3. Kisha baadhi ya wale 8 wakaumia. Sheria ya mchezo hairuhusu timu kuwa na watu pungufu ya 7. Mwamuzi akaumaliza mchezo kabla kipindi cha kwanza hakijesha.

Waliocheka siku ile walikuwa wengi, na kicheko ni chepesi kwa mtu ambaye mji si wake. Kwa watu wa Tabora jambo lile lilikuwa zito. Kwa muda mrefu mji wao haukuwa na timu katika daraja la juu. Rhino Rangers, timu ya askari, ilipata kucheza Ligi Kuu katika msimu wa 2013/14, ikashuka msimu ule ule. Baada ya miaka 9 ya kungoja mlango ulifunguliwa tena, na walioingia walikuwa watu 8. Nyuma yao hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Mwenye nyumba aliyenunua kila kitu sokoni alikuwa amepatwa na siku ambayo soko limefungwa.

Yafaa kwanza njia zenyewe zielezwe, kwa maana hazifanani kila mahali. Huko Marekani, katika mpira wao ambao huchezwa kwa mikono kuliko kwa miguu, njia mbili hizi zimewekewa sheria. Tangu mwaka 1936 klabu zao kubwa hukutana kila mwaka kuwagawana vijana wanaotoka vyuoni, kila klabu ikichagua kwa zamu, na iliyofanya vibaya kuliko zote ndiyo huchagua kwanza. Nia ni njema: aliyeanguka apewe mkono wa kumwinua. Kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa kwa utaratibu huo, Jay Berwanger, hakucheza hata siku moja katika ligi ile, akashika shughuli nyingine. Ndipo ikajulikana kwamba kumchagua mtu si sawa na kumpata. Njia ya pili, ya kumwajiri mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha na ambaye yu huru kwenda apendako, ilipata uwanja mpana huko mwaka 1993. Toka hapo wenye klabu hawaachi kuulizana: tujenge kwa vijana wa zamu yetu au tujenge kwa watu wa soko?

Tanzania haina zamu ya namna hiyo. Hapana siku ambayo timu ya mwisho huambiwa, "Njoo, chagua kwanza." Kijana hapa huonekana katika michezo ya shule, ile ya msingi iitwayo UMITASHUMTA na ile ya sekondari iitwayo UMISSETA; au huonekana katika mpira wa mchangani, ambapo goli ni miti miwili na mstari ni alama ya kisigino. Mwenye macho akimwona humchukua, na mwenye macho aghalabu ni mwenye fedha. Klabu zatakiwa ziwe na timu za vijana, na nyingine hutimiza jambo hilo kwa moyo na nyingine kwa karatasi. Papo hapo soko limefunguliwa wazi: katika msimu wa 2023/24 klabu moja ya Ligi Kuu iliweza kusajili hadi wageni 12 kutoka nje ya nchi. Kwa hiyo mtoto wa Ng'ambo au Cheyo, Tabora, anayetaka kuichezea timu ya mji wake, hashindani na mtoto wa mtaa wa pili tu. Hushindana na Ghana, Kongo na Ivory Coast.

Sasa sababu kongwe. Kabla ya mpira kufika, Tabora ilikwisha kuwa soko la watu wenye nguvu. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe baada ya zaidi ya kilomita 700, kisha ikaendelea mpaka Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Msafara ulikuwa timu. Ulikuwa na kirongozi wake aliyetangulia mbele, wapagazi wake, askari wake na wapishi wake. Na kama timu, uliweza kushindwa kwa kukosa watu wachache waliohitajiwa mahali fulani kwa siku fulani.

Wanyamwezi walijulikana kuwa wapagazi bora wa njia hiyo, na sifa hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Mtoto wa kiume alibebeshwa kipande kidogo cha pembe ya ndovu angali mdogo, akajifunza kuenenda nacho begani kabla hajajua thamani yake. Alipokua mzigo ulikua pamoja naye, mpaka akaweza kuchukua karibu frasila 2, nazo ni takriban kilo 32, siku baada ya siku, katika jua na katika tope. Kijana ambaye hajapata kufika pwani alionekana kuwa hajawa mtu mzima. Hiyo ndiyo shule ya kulea: haikuwa na jengo wala mshahara wa mwalimu, bali kijiji kizima kilikuwa mwalimu. Waarabu na Wazungu walioajiri wapagazi wa Unyamwezi walifikiri kuwa wananunua mabega ya mtu mmoja. Kwa kweli walikuwa wakinunua malezi ya miaka 15 ambayo wao hawakuyagharimia hata kwa upande mmoja wa nguo.

Wapagazi wengine waliajiriwa Unguja na Bagamoyo kwa haraka, wakapewa sehemu ya ujira kabla ya safari. Wasafiri wote wa zama zile walilia kilio kimoja: mpagazi akishika ujira mkononi, huenda asubuhi asionekane. Wengine walitoroka Ugogo maji yalipokuwa haba, wengine walitoroka walipokaribia kwao mvua zilipoanza, kwa kuwa shamba nalo lilikuwa likiwaita. Watu waliwaita wezi. Lakini mtu asiyefungwa na jambo lo lote isipokuwa ujira, akishaupata ujira wenyewe, ni kamba gani imebaki ya kumshika?

Kutokana na maneno haya, msomaji mwepesi angekata hukumu kwamba kulea ni wema na kuajiri ni ubaya. Historia ya nchi hii ya magharibi haikubali hukumu hiyo. Mirambo wa Urambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 na kuifunga njia ya biashara, alijenga nguvu yake kwa rugaruga. Hao walikuwa vijana wa kila kabila na kila asili: mateka, watoro, watu wasio na ukoo wa kuwaita nyumbani. Hawakuwa watoto wa ukoo wake, lakini kwa hao aliinua utawala uliotetemesha Unyanyembe. Jirani yake wa kusini, Nyungu ya Mawe wa Ukimbu, naye alikuwa na rugaruga wa namna ile ile. Wote wawili walikufa mwaka 1884. Baada ya kifo cha Mirambo utawala wake ulidhoofika na kugawanyika upesi. Utawala wa Nyungu haukuanguka. Ulimwendea mwanamke, Mugalula, ukadumu mpaka Wajerumani walipoingia.

Sababu ya tofauti hiyo yafaa kuchunguzwa. Haikuwa kwamba mmoja alilea na mwingine aliajiri, kwa kuwa wote waliokota watu njiani. Nyungu aliligawa eneo lake, akaweka juu ya kila sehemu mtwale, ambaye alikuwa na kazi yake, mipaka yake na hesabu ya kutoa. Watu waliokuja wageni wakapewa mahali pa kusimama pasipotegemea pumzi ya mtu mmoja. Nguvu ya Mirambo ilikuwa katika Mirambo mwenyewe. Alipozikwa, ilizikwa naye. Wahenga walikwisha sema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huisema methali hii kwa kumfukuza mgeni mvivu, lakini ina maana nyingine iliyo bora. Jembe ndilo limfanyalo mgeni awe mwenyeji. Asiyepewa jembe hana shamba, na asiye na shamba hana sababu ya kubaki msimu ujao.

Ushahidi wa pili uko Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini Tabora, katika tembe ambayo wageni huendelea kuizuru. Hapo David Livingstone aliketi miezi mitano ya mwaka 1872, kuanzia Machi hata Agosti, akingoja watu. Alikuwa amekwisha onja uchungu wa kuajiri: mwaka 1866 watu wa Nzuani aliowachukua walimkimbia, wakarudi pwani na kueneza habari kwamba ameuawa. Waliobaki naye miaka yote walikuwa wachache mno. Mmoja ni Chuma, aliyeokolewa katika utumwa mwaka 1861 angali mtoto, akakulia mikononi mwa Livingstone na kusoma Bombay. Mwingine ni Susi, aliyeanza kwa kuajiriwa kazi ya mikono huko Shupanga katika mto Zambezi. Kwa hiyo hata katika wale waaminifu wawili, mmoja alikuwa wa kulelewa na mwingine wa kuajiriwa.

Mwezi Agosti watu 57 waliotumwa na Henry Stanley kutoka pwani walifika Kwihara. Walikuwa wa kuajiriwa kabisa. Livingstone akaondoka nao tarehe 25 Agosti 1872, na mwaka uliofuata akafa katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Ujira wao ulikuwa na nani sasa? Aliyewaongoza alikuwa maiti. Kama ni watu wa fedha tu, siku ile ndiyo ilikuwa siku ya kutawanyika. Wao, wakiongozwa na Susi na Chuma, walimkausha, wakamfunga, wakamchukua. Mwezi Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, wakakutana na Cameron, Mwingereza aliyewashauri wamzike hapo hapo na kupumzika. Wakakataa. Wakaifuata njia ile ile ya wapagazi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mkataba haukuandika neno lo lote juu ya jambo hilo. Lililotendeka ni kwamba wageni walichanganywa na wazoefu, wakapata kirongozi miongoni mwao, wakavuka mito na njaa pamoja, na mwisho mzigo ukawa wao.

Tukirudi uwanjani, hukumu ya Chamazi nayo haikuwa ya mwisho. Klabu ile ikaitwa Tabora United, ikatumia Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, ikayumba msimu mzima na kujiokoa katika michezo ya mtoano ya mwaka 2024. Kisha mwezi Novemba 2024, katika uwanja ule ule wa Chamazi ambako watu 8 walifedheheka, ikaifunga Yanga, bingwa wa nchi, mabao 3 kwa 1. Timu ile ilikuwa mchanganyiko wa wazawa na wageni, nao wengi walikuwa watu wa soko. Anayesema kuajiri hakufai kitu na aulizwe habari za jioni hiyo. Timu ndogo ikingoja mpaka watoto wake wakue, huenda ikashuka daraja kabla hawajaota ndevu. Na mtoto hana ligi ya kukulia ikiwa wakubwa wameipoteza. Kuajiri hununua wakati. Kosa huja mtu akidhani kuwa wakati ulionunuliwa ni mali ya kudumu.

Mwaka 2025 klabu hiyo ilipata mwenye mali mpya, ikaitwa TRA United. Huenda ni heri: fedha za hakika ni bora kuliko ahadi. Lakini katika muda wa miaka miwili mji mmoja umeishangilia timu moja kwa majina matatu. Klabu yenyewe ilikuja kama mpagazi, ikiwa na historia ya kwao Kilimanjaro, na kama mpagazi yaweza kuitwa na tajiri mwingine. Wachezaji huja na kwenda, na jina nalo limeonyesha kuwa laweza kwenda. Mtu wa Tabora ana haki ya kuuliza: ni kitu gani hapa ambacho hakiwezi kuchukuliwa?

Jibu la pekee ni watoto wa hapa, na hata hao njia huwachukua. Hilo si jambo la kulaumiwa, kwa maana njia hii imekuwa ikichukua watu daima. Kati ya miaka ya 1850 mwana wa Unyamwezi, Msiri, aliifuata misafara mpaka Katanga, akabaki huko, akawa mfalme hata alipouawa mwaka 1891. Miaka 120 baada ya kifo hicho, mwaka 2011, kijana wa Dar es Salaam, Mbwana Samatta, alichukuliwa kutoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi katika nchi ile ile ya Katanga. Mwaka 2015 alitwaa nayo ubingwa wa Afrika, na Januari 2016 akatangazwa kuwa mchezaji bora miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara. Kutoka hapo akaenda Ubelgiji, na mwaka 2020 akacheza Uingereza. Mji ambao haumwachii mwanawe aende humfanya mtumwa. Swali ni je, akienda, kijiji kilichombebesha kipande cha kwanza cha pembe hupata nini?

Mpagazi wa zamani alirudi na nguo, majembe na ng'ombe, na kijiji kikajua kwa nini kilimlea. Mpira wa leo nao una sheria ya kufanana na hiyo. Mchezaji anaponunuliwa na klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujesha, asilimia 5 ya bei hutengwa kwa klabu zote zilizomfundisha tangu umri wa miaka 12 hata 23, kila moja kwa kadiri ya miaka aliyokaa nayo. Lakini sheria hii hailipi uvumi. Haimlipi mwalimu aliyenunua mpira kwa mshahara wake, wala timu ya mtaa ambayo orodha yake ilikuwa katika kichwa cha nahodha. Hulipa klabu iliyoandikishwa, yenye daftari linaloonyesha jina la mtoto, siku aliyoingia na siku aliyotoka. Kwa kukosa daftari, miji mingi ya bara imelea bure, kama Unyamwezi ulivyowalelea matajiri wa pwani mabega.

Basi shauri la kulea na kuajiri si shauri la kuchagua moja na kutupa jingine. Timu ya Tabora, kwa jina lo lote itakaloitwa, itaajiri, na ni haki yake. Kinachoipasa ni kumpa kila anayeajiriwa jembe: mgeni wa Kongo afundishe beki wa miaka 16 wa Kanyenye namna ya kusimama, na mlinda mlango aliyekuja kwa mwaka mmoja aache nyuma yake kijana mmoja ajuaye alilolijua. Na kinachoupasa mji ni kuwa na daftari, na kiwanja ambacho hakitauzwa, na mashindano ya watoto yanayofanyika mwaka hata mwaka, timu kubwa ikishinda au ikishindwa. Mambo hayo hayana kelele, na hayapigiwi picha. Lakini siku soko litakapofungwa tena, kama lilivyofungwa tarehe 16 Agosti 2023, mwamuzi atahesabu watu uwanjani, na nafasi 3 zilizobaki wazi siku ile zitahitaji majina. Vijana wenye majina hayo leo huenda wana umri wa miaka 11, na jioni hii wanacheza chini ya miembe ya Tabora, ambayo waliopanda mingi yake walipita na misafara wala hawakungoja kula matunda yake.